Udongo Ulioonjwa

"Andika tu, afande. Andika kwamba nilimimina maji ya chumvi kusudi. Nipe kalamu nitie sahihi, yaishe."

Dereva wa boza alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, mgongo ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa chenye damu iliyokauka. Jana mchana mafundi wenzake walimshusha kwenye lori lake la maji kwa kumvuta miguu, na lau Inspekta angechelewa dakika tano tu, leo kungekuwa na maiti mbili badala ya moja.

Inspekta hakuandika kitu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu, miaka ishirini na miwili kazini, na waliokana makosa yao alishawaona mpaka akawachoka. Anayeng'ang'ania kosa ndiye aliyemtia wasiwasi.

"Jana uliapa kwamba maji yako yalikuwa matamu," alisema. "Leo yamekuwa ya chumvi. Yamegeukia wapi?"

"Jana sikujua wameandika nini ukutani kwangu." Akagusa kitambaa kichwani. "Wameandika kwa mkaa kwamba nyumba itachomwa. Na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nikikubali watatulia. Nikikana watasema nimewahonga polisi. Haya, niambie wewe, mwenye akili hapo anachagua nini?"

"Mwenye akili anasema kweli."

"Kweli!" Akacheka, kicheko kibaya. "Kweli ninayo tangu jana, imenifaa nini? Aliyeninyooshea kidole ni baba mkwe wangu. Si mtu baki huyo, ni mzee aliyenipa binti yake kwa mkono wake. Mzee Ulimi akisema ni maji, nani atanisikiliza mimi, mshika usukani?"

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nje ya mji, mwendo wa nusu saa kuelekea jangwani, hifadhi ya wanyama ilikuwa inajenga kituo cha kupokelea wageni. Si jengo la vioo na viyoyozi, maana hata umeme wa kuviendesha huko ungetoka wapi? Lilikuwa jengo la udongo mtupu: kuta nene za matofali yaliyokaushwa juani, mapaa ya kuba yasiyo na ubao wala bati, na mnara mrefu wa kunasa upepo na kuuteremsha ndani ukiwa umepozwa kwa maji. Watu walikuwa wakija kulipiga picha hata kabla halijaisha. Jana, saa saba kasoro, mafundi wakiwa chakulani, kuba ya ukumbi mkubwa ikaanguka. Chini yake alikuwapo mtu mmoja tu, fundi wa kuba, kitinda mimba wa Mzee Ulimi, mwanamume wa miaka thelathini na moja. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho. Na matofali yaliyomfunika yalikuwa yametoka unga mweupe wa chumvi, yanamomonyoka mkononi.

"Kitabu cha getini," Inspekta alisema, "kinaonyesha kwamba siku matofali yale yalipofyatuliwa, boza lako liliingia kwa njia ya kisima cha chumvi."

"Safari moja! Maji ya kumwagia barabara, vumbi lilikuwa linawaingia watu machoni. Ya kuchanganyia udongo nilichota mjini kama kila siku. Nimeshasema mara ngapi?"

"Nani alikuona ukimwaga barabarani?"

"Barabara yenyewe."

Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kucheka akajikohoza. Inspekta akainuka kwa kushika ukuta.

"Saa nane mchana unasomewa shtaka la kuua," alisema. "Shtaka hilo halina dhamana. Ukishavuka lango la gereza, mtoto wako anaweza kuanza shule hujarudi. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi yoyote mpaka nirudi. Umenielewa?"

"Na usiporudi?"

Inspekta alifunga mlango. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu.

Pale mapokezi, binti wa Mzee Ulimi aliinuka kutoka kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Afande, jana nimempoteza mdogo wangu. Leo mnampeleka mume wangu. Mimi niwafanyie nini nyinyi mridhike?"

"Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani gani? Kwangu wanataka kuchoma, kwa baba kuna msiba." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nitakwenda kwa baba kupika. Yeye na mume wangu, wote wawili hawajatia kitu tumboni tangu jana. Baba anamchukia mume wangu, sawa, lakini kula watakula chungu kimoja."

Mwanamke huyo aliondoka akiburuta viatu. Inspekta alimtazama mpaka alipopinda kona, kisha akamwambia Sajini awashe gari.

Ukumbi mkubwa ulikuwa umebaki kuta na anga. Msanifu wa jengo, mwanamume mrefu aliyevaa suruali iliyochakaa magotini, alikuwa ameketi juu ya kifusi akigeuza kipande cha tofali. Alikuwa hajanyoa, na kwa sura yake hakuwa amelala pia.

"Miaka sita," alisema bila kusalimia. "Miaka sita nawaambia watu kwamba udongo unatosha. Kwamba hatuhitaji saruji ya kusafirisha siku tatu. Nikasikilizwa. Sasa ona."

"Nimekuja kuona," Inspekta alisema. "Hizi nguzo ni za nini?"

Chini ya kifusi, mahali mwili ulipotolewa, zilichomoza nguzo nne za mbao. Mbili zilikuwa zimevunjika. Moja bado ilikuwa na kibao kimepigiliwa juu yake, cha kuegemezea.

"Sijui. Sikuziagiza. Kuba ikishafunga inajibeba yenyewe, haitaki nguzo."

"Basi zimekujaje?"

"Labda marehemu alizileta."

"Aegemeze kitu kisichotaka kuegemezwa, tena saa ya chakula, tena peke yake?"

Sajini aliandika: nguzo nne, hazikuagizwa.

"Kuba ilijengwa lini?"

"Miezi mitatu iliyopita."

"Ikakaa miezi mitatu bila neno, jana ikakumbuka kuanguka?"

"Wiki mbili zilizopita tulifungulia maji ya mnara." Akanyoosha mkono juu. "Upepo unapita kwenye mikeka iliyolowa, unashuka ukiwa baridi na una unyevu kidogo. Udongo safi unyevu huo hauujali. Udongo wenye chumvi unaunywa. Mchana unakauka, usiku unakunywa tena, na kila mzunguko tofali linamomonyoka kwa ndani."

"Kwa hiyo chumvi ilikuwamo tangu siku ya kwanza."

"Ilikuwamo. Na lililoitia ni lori la yule mpumbavu."

Inspekta aliomba daftari la kazi. Lilikuwa daftari safi, kila siku na ukurasa wake: nani alifanya nini, udongo wa wapi, maji ya tangi gani. Akatafuta siku ya matofali ya kuba, akateremsha kidole polepole.

"Siku hiyohiyo mlimimina sakafu ya chumba cha ramani."

"Ndiyo."

"Kwa maji gani?"

"Tangi ni moja. Maji hayohayo."

"Na udongo?"

"Mabaki ya shimo la zamani. Shimo lile lilikuwa limekwisha, ndiyo maana matofali ya kuba yalitoka shimo jipya."

Chumba cha ramani kilikuwa upande wa pili wa ua. Sakafu yake ilikuwa nyekundu na ngumu, haina ufa hata wa dawa. Inspekta alipiga magoti, akaguna, magoti yake yakamjibu, kisha akakwangua chembe kwa kisu na kuitia mdomoni. Sajini aligeuza uso. Inspekta akarudi kwenye kifusi, akakwangua tofali moja, akaonja, akatema mara mbili.

"Twende kwenye shimo jipya."

Shimo lilikuwa nyuma ya kilima, pembezoni mwa bonde jeupe lililokuwa ziwa zama za zama. Hapo hakuwa na haja ya kupiga magoti. Aliokota donge, akaligusisha ulimi tu, akakunja uso wote.

"Sajini, lete maji."

Alisukutua, akatema, akamgeukia msanifu. "Maji ya tangi moja. Yaliyochanganywa na udongo wa zamani yametoa sakafu safi. Yaliyochanganywa na udongo huu yametoa kuba ya chumvi. Sasa chumvi ililetwa na nani, boza au shimo?"

Msanifu alikuwa amekauka. "Haiwezekani," alisema. "Shimo hili limeonjwa."

"Limeonjwa?"

Akamwonyesha kwenye daftari. Kila udongo mpya ulikuwa na mstari wake, na mwisho wa mstari neno moja: *umeonjwa*. Jina la Mzee Ulimi halikuwa la bure. Kwa miaka thelathini alikuwa akitia chembe ya udongo mdomoni, anaizungusha, anaitema, na anakwambia kama ina chumvi, kama ina mchanga wa kutosha, kama itapasuka. Mashimo aliyoyakataa hakuna aliyethubutu kuyachimba.

"Na maabara?"

"Shimo la kwanza tulipeleka maabara. Majibu yalichukua wiki sita. Mzee alikuwa ameshasema yaleyale, neno kwa neno, siku ya kwanza, akiwa amesimama." Msanifu alishika kichwa. "Baada ya hapo nani angehangaika tena na maabara, afande? Nilijivunia! Nilikuwa nawahadithia wageni."

"Jana alipofika kwenye kifusi, alionja?"

"Aonje nini tena, mwanawe yuko chini? Aliangalia ule weupe tu, akapiga kelele: maji, ni yule na boza lake!"

"Hata chembe hakutia mdomoni?"

"Hata chembe."

Inspekta alifunga daftari na kuliweka kwapani kama kielelezo. Saa tano na nusu ilikuwa imepita.

Garini Sajini alishindwa kunyamaza. "Mzee amekula mlungula. Mwenye shimo kampa kitu ili shimo lake lichukuliwe."

"Shimo liko ndani ya hifadhi. Halina mwenyewe."

"Basi alitaka kumwangamiza mkwe wake."

"Alipanga miezi mitatu kabla, akaiweka kuba juu ya kichwa cha mwanawe? Hebu fikiri kabla hujasema."

"Basi alikosea. Mtu hukosea."

"Mimi ninayevuta sigara tangu ujana nimeitema ile chumvi. Yeye mwenye ulimi wa kutajwa ataikosaje?"

Inspekta akampigia simu mwendesha mashtaka, akamweleza habari ya sakafu. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa karatasi zinazopangwa.

"Inspekta, mimi nina shahidi ambaye ni bingwa wa udongo, tena ni baba wa marehemu, tena ni mkwe wa mshtakiwa, hana sababu ya kumsingizia. Wewe una kipande cha sakafu. Mzee yule akisema udongo ulikuwa safi, hakimu atasema ulikuwa safi. Nitakuona saa nane."

"Nipe siku mbili."

"Sheria inanipa mpaka leo. Nawe umenipa mtuhumiwa mwenyewe, jana, kwa mkono wako." Simu ikakatwa.

Lilikuwa neno la haki, ndiyo maana lilimuuma. Yeye ndiye aliyeijaza fomu ya kukamatwa.

Walifika kituoni saa saba kasoro robo. Mzee Ulimi alikuwa ameshafika kutoa maelezo yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, wima, fimbo kati ya magoti, mzee mwembamba mwenye udongo kwenye kucha ambao pengine haukuwahi kutoka maisha yake yote. Binti yake alikuwa benchi la mbali. Baba na binti hawakutazamana.

Askari wa zamu alitoka mahabusu na sahani ya wali na mboga iliyochotwa kijiko kimoja tu.

"Hataki kula," alisema. "Anasema anashukuru lakini hakiliki. Chumvi tupu."

Binti aliinuka, akachukua sahani, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Ee Mungu wangu. Nimetia mara mbili. Akili haipo, afande, sijui hata napika nini. Mtu ana njaa ya siku nzima na mimi namlisha chumvi!" Akaanza kulia, kilio cha kuchoka. "Na baba nimempa hichohicho."

Inspekta alitazama sakafuni pembeni ya kiti cha mzee. Sahani ilikuwa pale, imekwanguliwa mpaka maua yake yakaonekana.

Alimsogelea binti, akamwinamia. "Baba yako chakula chenye chumvi nyingi hula?"

"Baba?" Akavuta kamasi. "Zamani angerusha sahani. Marehemu mama alikuwa akipika huku anatetemeka. Siku hizi amekuwa mpole, anakula chochote, hasemi kitu. Tulisema uzee umemlainisha."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu alipougua ile homa, mwaka jana."

Inspekta alimshika bega, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Kisha akaenda jikoni kwa askari, mwenyewe, na chupa ya chai.

Mtu kumaliza sahani si ushahidi. Mzee aliyefiwa anaweza kula mawe asijue. Ilitakiwa itokee mara ya pili, mezani, mbele ya mtu mwingine mwenye cheo na sahihi.

Ofisini walikaa watatu. Sajini alikuwa na karatasi za maelezo. Inspekta alimimina vikombe vitatu, akamsogezea kila mtu chake.

"Pole sana na msiba, baba."

"Tumeshapoa, mwanangu. Kazi ya Mungu." Akachukua kikombe kwa mikono miwili.

"Shimo jipya ulilionja wewe?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Ukaonaje?"

"Udongo mzuri. Mtamu kwa mbali, unashika." Akanywa. "Ningeukataa kama ungekuwa na doa lolote. Nimeukataa udongo wa watu wakubwa, sembuse ule." Akanywa tena, fundo refu, akafuta sharubu. "Mwenye kosa mnaye ndani. Niandike wapi?"

Sajini, aliyekuwa ameandika mfululizo, aliinua kikombe chake, akapiga fundo. Macho yakamtoka. Chai ikaruka mezani, kwenye karatasi, kwenye shati.

"Loo! Nani ametia chumvi humu? Vijiko vingapi, jamani? Hii chai au sumu?"

Mzee Ulimi alitazama shati la Sajini lililolowa, akatazama kikombe chake mwenyewe, kilichobaki robo. Alikigeuza kidogo. Akakinusa, bure. Akakiweka mezani taratibu, kwa uangalifu mkubwa.

"Tangu homa ya mwaka jana, sivyo?" Inspekta aliuliza.

Mzee alijibu kwa sauti ndogo.

"Nililala siku tisa. Nilipoinuka, chai ilikuwa maji ya moto. Nikasema itarudi. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Asali nilikuwa naila kwa kijiko, mwanangu, nalia. Naona ni gundi."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mzee Ulimi hana ulimi? Si wangecheka mpaka wajikojolee? Mimi sina shule, sina shamba, nina mdomo huu. Nikawa naangalia rangi. Nikawa nausugua udongo vidoleni. Mwaka mzima nabahatisha, na mwaka mzima Mungu ananistiri. Mpaka shimo lile."

"Hakuna aliyekuambia udongo ule una chumvi?"

Hapo mzee aliinamisha kichwa. Fimbo ilianguka, Sajini akaiacha palepale.

"Mwanangu aliniambia. Alichukua chembe, akaitia mdomoni, akasema, baba, huu una chumvi. Mbele ya watu. Nami nikamwambia, hapa anayeitwa Ulimi ni nani, mimi au wewe? Watu wakacheka. Naye akacheka. Akaniomba radhi, akaenda akaijenga kuba."

"Jana, ulipoona ule weupe, ulijua si maji."

"Nilijua."

"Ukamtaja mkwe wako."

"Watu wote walikuwa wananiangalia mimi!" Alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Wote, wananingoja niseme. Boza lilikuwa limeegeshwa pale. Mdomo ukasema wenyewe. Baadaye nikataka kuurudisha nikaona wameshamshika, wanampiga, na kila ngumi ilikuwa inanifungia mlango."

Inspekta aliisukuma chai mbali. Kazi yake ilikuwa imekwisha, maelezo yalitosha. Angeweza kuacha pale, na siku nyingine pengine angeacha. Lakini daftari la Sajini lilikuwa wazi, na swali moja lilikuwa halijajibiwa, nalo lilitakiwa liingie kwenye maelezo.

"Nguzo unazijua?"

"Nguzo gani?"

"Chini ya kifusi kulikuwa na nguzo nne za kuegemezea. Msanifu hakuziagiza."

"Kuba haitaki nguzo," mzee alisema, kwa mazoea ya ufundi tu.

"Mwanao alizipeleka. Aliona nyufa, baba. Angemwambia msanifu, kazi ingesimamishwa siku hiyohiyo, udongo ungepelekwa maabara, na habari yako ingejulikana. Kwa hiyo alingoja wenzake waende kula. Akaingia peke yake kuishikilia."

Mzee alimtazama kama haelewi lugha.

"Alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Alijua sina ulimi? Na hakuniambia?"

"Alikuwa anakustahi."

Sauti iliyomtoka Mzee Ulimi haikuwa kilio cha kawaida. Sajini aliyezoea vilio vya kituoni aliinuka akaenda kusimama dirishani. Mzee alijipiga kifua, akajipiga mdomo kwa kofi, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka Inspekta akaushika mkono wake na kuung'ang'ania. Ulikuwa mkono mgumu, mzito kuliko mwili wenyewe.

"Nifungeni," alisema. "Nifungeni mimi, na leo hii."

"Tutakufunga," Inspekta alisema. "Kwanza utie sahihi."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Alimsomea maelezo yote, tangu homa mpaka nguzo, na mzee akaitikia kila mstari. Alitia sahihi kwa jina lake la kuzaliwa, herufi moja moja, jina ambalo Sajini hakuwahi kulisikia. Inspekta akapiga simu. Mwendesha mashtaka alisikiliza mpaka mwisho, akasema atalifuta lile la kuua, wamwachie dereva, na wamletee mzee kesho asubuhi: uzembe uliosababisha kifo, na kumsingizia mtu. Inspekta alikata simu akafungua mlango.

Mlango wa ofisi ile ulikuwa wa ubao mwembamba. Walipotoka, binti alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka mlangoni, na hapakuwa na haja ya mtu kumweleza lolote. Alimtazama baba yake. Hakulia.

Askari wa zamu alikuwa ameshamfungulia dereva. Alikuja ukumbini pekupeku, viatu mkononi, mkanda begani, akipepesa macho kwa mwanga. Mkewe alimshika mkono wa shati asimwachie. Ukumbi ulikuwa mwembamba, na kwenda mahabusu hakukuwa na njia nyingine. Sajini akamshika mzee kiwiko, akamwongoza mbele.

Dereva alijibana ukutani kumpisha mkwewe. Uso wake ulikuwa na michubuko, jicho moja halifunguki. Ilionekana wazi kwamba alitaka kusema mengi, na kwamba alikuwa na haki ya kuyasema yote. Akaviweka viatu chini.

"Shikamoo, baba."

Mzee alisimama. Alitazama vile viatu, akatazama vidole vya miguu ya mkwewe, akashindwa kupandisha macho zaidi. Kinywa kilifumbuka. Hakikutoa kitu. Sajini hakujua amvute au amngoje, akamtazama Inspekta, naye Inspekta akatikisa kichwa: mngoje.

Binti aliuachia mkono wa mumewe. Alimsogelea baba yake mpaka tumbo lake likamgusa, na aliposema, alisema kwa sauti anayotumia mtu kwa mtoto mbele ya wageni.

"Baba, umesalimiwa."